Ujumbe wa Sekunde Mbili Usibebeshwe Mzigo Mzito

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mpiga mbiu hakuanza kwa kutangaza. Alianza kwa kupuliza pembe, akangoja watu waache majembe na kutega masikio, ndipo akasema lililomleta. Aliyekuwa mbali, au aliyekuwa usingizini, alimwuliza jirani yake, na jirani akamweleza. Kwa hiyo tangazo kamili lilikuwa na sehemu tatu: kuita, kusema, na njia ya kumfikishia habari yule aliyeikosa. Siku hizi simu ya mkononi hututangazia mambo kutwa kucha, na miongoni mwa matangazo yake limo moja dogo lililobaki na sehemu moja tu kati ya hizo tatu. Halimwiti mtu, wala halimngoji aliyechelewa. Husema mara moja kwa muda wa sekunde 2, kisha hutoweka.

Katika makala haya nataka kulijadili tangazo hilo, yaani ule ujumbe mfupi unaotokeza juu ya kioo cha simu tunapotumia programu fulani: "Imehifadhiwa", "Imetumwa", "Hakuna mtandao". Huenda wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa na watu wa sayansi. Sikubaliani nao. Programu za simu zimekabidhiwa fedha zetu, kumbukumbu za afya zetu na maombi ya watoto wetu ya nafasi za masomo. Ikiwa habari ya kwamba kazi imefanyika au haikufanyika inatolewa kwa ujumbe usiodumu, basi namna ya kuutoa ujumbe huo si pambo la fundi. Ni suala la nani atakayeumia habari itakapopotea. Rai yangu ni hii: ujumbe wa namna hiyo ni chombo kizuri, lakini haufai kamwe kubeba habari ambayo mtu akiikosa atapata hasara.

Ujumbe huu ni kitu gani?

Mfumo wa Android, uliotolewa kwa umma mwaka 2008, umekuwa na ujumbe wa aina hii tangu toleo lake la kwanza. Watunga programu huuita Toast, jina linalotukumbusha kipande cha mkate kinachoruka juu kutoka kwenye mashine ya kuchomea kikishaiva. Kwa Kiswahili tungeweza kusema tosti, lakini kwetu neno hilo ni la meza ya asubuhi, wala halielezi tabia ya kitu chenyewe. Mimi nitauita ujumbe wa kupita, kwa sababu kupita ndiyo sifa yake kuu. Msomaji mwenye istilahi bora zaidi na aitoe. Hata kompyuta yenyewe iliwahi kupendekezewa majina ya tarakilishi na ngamizi, na bado wengi wetu tukabaki na neno kompyuta.

Utaratibu wa kuutoa ni rahisi. Mtunga programu huipa mashine vitu vitatu: mahali ujumbe unapotokea ndani ya programu, maneno yenyewe, na muda. Kisha hutoa amri ya kuuonyesha. Mwanafunzi anayeanza aghalabu huisahau amri hii ya mwisho, akabaki akishangaa kwa nini haoni kitu. Kuhusu muda, mfumo hutoa vipimo viwili tu: kifupi, ambacho ni sekunde 2, na kirefu, ambacho ni sekunde 3.5. Ujumbe ukiwa juu ya kioo hausimamishi kazi ya mtu wala haupokei mguso wa kidole. Ukishafifia, hauachi alama mahali popote ambapo mtumiaji anaweza kurudi na kuusoma tena.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba jumbe nyingi zikitolewa kwa mfululizo, hazionyeshwi kwa pamoja bali hupanga foleni. Mtu akibonyeza kitufe mara 10 kwa pupa, na kila mbonyezo ukazaa ujumbe wa sekunde 2, foleni hiyo itachukua sekunde 20 kumalizika. Wakati huo huenda ameshahamia ukurasa mwingine, na jumbe zinazoendelea kutokeza zinaeleza mambo yaliyokwisha kupita.

Wanafunzi wanaojifunza kwa App Inventor, iliyoanzia katika kampuni ya Google mwaka 2010 na baadaye ikahamia chuo cha MIT nchini Marekani, watakikuta chombo hiki ndani ya kiungo cha matangazo. Huko mtu haandiki amri kwa maneno. Huunganisha vipande kama fundi apangaye matofali. Kwa vile chombo chenyewe ni chepesi kiasi hicho, huwa ndicho cha kwanza kushikwa na kila anayejifunza, na ndicho kinachotumiwa kupita kiasi.

Sababu ya kubuniwa kwake

Si haki kukilaumu chombo kabla ya kueleza faida yake. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Robert Miller, alichapisha uchambuzi wa muda ambao mtu anaweza kungoja jibu la kompyuta bila mawazo yake kukatika. Mwaka 1993 Jakob Nielsen akaeleza suala hilo kwa vipimo vitatu vinavyofundishwa hadi leo. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona kana kwamba kitu kimetendeka papo hapo kwa mkono wake. Likija ndani ya sekunde 1, huhisi amecheleweshwa, ila mawazo yake hubaki pamoja. Likizidi sekunde 10, akili huhama na kutafuta shughuli nyingine.

Maana yake ni kwamba mashine isiyojibu humtia mtu wasiwasi, na mwenye wasiwasi hubonyeza tena. Mbonyezo wa pili unaweza kuwa malipo ya pili. Kwa hiyo ujumbe wa kupita una kazi ya heshima: humtuliza mtu kwamba mkono wake umesikika, tena bila kumzuia kuendelea na shughuli yake. Mtu aliyenakili namba ya simu kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine anatosheka na neno moja, "Imenakiliwa". Asipoliona neno hilo, hakuna kilichoharibika. Atabandika namba yake na kuona mwenyewe kama imefika. Hapo ujumbe wa kupita uko mahali pake.

Hesabu ya jicho

Matatizo huanza tunapouongezea mzigo. Tuanze na jicho. Tunaposoma, jicho haliserereki juu ya mstari kama gari juu ya lami. Huruka na kutua, kisha huruka tena, na kila linapotua hukaa kwa muda wa takriban robo ya sekunde ili kuchukua maneno machache. Kwa hiyo kusoma kuna kasi yake, na kasi hiyo inapimika. Mwaka 2019 Marc Brysbaert, mwanasaikolojia wa Ubelgiji, alikusanya tafiti nyingi zilizoipima. Wastani wa watu wazima wasomao Kiingereza kimoyomoyo, katika maandishi yasiyo ya hadithi, ulikuwa maneno 238 kwa dakika.

Tugawe kwa 60: tunapata takriban maneno 4 kwa sekunde. Ujumbe wa sekunde 2, basi, unaweza kusomwa maneno 8, na ule wa sekunde 3.5 maneno 14. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba jicho lilikuwa limeshatua mahali ujumbe utakapotokea, likiungoja. Katika maisha ya kweli jicho lilikuwa kwenye kitufe, au kwa mteja aliyesimama mbele ya kaunta, au barabarani. Tuseme nusu sekunde inatumika kugundua kwamba kuna maandishi chini ya kioo. Sekunde 2 zimekuwa sekunde moja na nusu, na maneno 8 yamekuwa 6. Tukimchukua msomaji mwenye nusu ya kasi ile, maneno hayo 6 yatakuwa 3. Na hapo hatujataja jua la mchana juu ya kioo, wala miwani iliyosahauliwa nyumbani.

Kiswahili nacho kina hesabu yake. Wastani wa maneno 238 haufai kuhamishwa kwetu kama ulivyo, kwa sababu lugha yetu hukusanya habari nyingi ndani ya neno moja. Neno "hazijahifadhiwa" limebeba ukanushi, nafsi, wakati, tendo na kauli ya kutendwa. Kiingereza kingehitaji maneno matano kusema hivyo. Msomaji wa Kiswahili husoma maneno machache zaidi kwa dakika, si kwa uzembe, bali kwa kuwa kila neno ni kapu lililojaa. Urefu nao una athari. Habari ambayo Kiingereza huitoa kwa neno la herufi 5, sisi huitoa kwa "imehifadhiwa", lenye herufi 12. Anayetafsiri jumbe za programu kwa kufuata nafasi iliyopimwa kwa Kiingereza atajikuta anakata maneno, na kinachokatwa mara nyingi ni kile kilichohitajika.

Liko jambo lililo muhimu zaidi. Tazama maneno "imetumwa" na "haijatumwa". Shina ni lile lile, na mwisho wake unafanana. Tofauti yote kati ya habari njema na habari mbaya imo katika viambishi vya mwanzo. Mtu anayesoma kwa haraka, naye anatarajia mema, anaweza kulidaka shina peke yake na kulikamilisha neno kwa matumaini yake. Kwa hiyo napendekeza kwamba katika Kiswahili habari ya kushindwa isitofautishwe na habari ya kufaulu kwa kiambishi tu. Ianze kwa neno jingine kabisa: "Imeshindikana. Fomu bado iko kwenye simu yako." Huo hauwezi kudhaniwa kuwa ni ule mwingine, hata na aliyeutupia jicho mara moja.

Wako watakaosema kwamba ni afadhali kuacha jumbe hizi kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kompyuta. Hoja hiyo ilijibiwa kwa vitendo mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo menyu na maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari anayetunga programu kwa ajili ya duka la mama yake hana sababu ya kumwandikia mama huyo lugha asiyoisoma kwa wepesi, tena kwa sekunde 2.

Mali bila daftari

Methali nyingine inatufaa hapa: mali bila daftari hupotea bila habari. Tufikirie mhudumu wa zahanati anayeingiza katika simu chanjo ya mtoto. Anabonyeza kitufe cha kutuma. Mtandao umekatika. Programu inatoa ujumbe wa kupita kwamba taarifa haikufika, lakini katika sekunde hizo 2 mhudumu ameinua macho kumtazama mama anayemfunika mtoto wake. Anapoyarudisha macho kwenye kioo, fomu iko tupu, tayari kwa mtoto wa pili. Anaamini kwamba kazi imekwisha. Miezi kadhaa baadaye, atakayetafuta kumbukumbu ya mtoto yule hataikuta, wala hapatakuwa na mtu wa kuulizwa. Mhudumu hakukosea. Mashine ilisema kweli, ila ilisema wakati hakuna aliyekuwa akisikiliza, kisha ikajiona imetimiza wajibu wake.

Mfano wa namna ya kufanya vizuri tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Wakati huo simu za wananchi wengi zilikuwa za vitufe, na menyu iliyotumiwa kuagiza malipo ilikuwa yenyewe kitu cha kupita: ukishaifunga, maandishi yake hayabaki. Lakini huduma haikuishia hapo. Kila muamala ulifuatwa na ujumbe mfupi wa maandishi kwa aliyetuma na kwa aliyepokea, wenye namba ya muamala, kiasi cha fedha, tarehe na saa. Ujumbe huo ulikaa ndani ya simu mpaka mwenyewe alipoamua kuufuta. Ukawa ndiyo stakabadhi. Ndiyo maana muuza duka huambiwa "nimetuma", naye hujibu "ngoja meseji iingie". Hakusomea elimu ya kompyuta, lakini ameshaitambua kanuni niitetayo: penye mali, neno lililosemwa halitoshi, sharti pawepo neno lililoandikwa.

Wasioona na wasomao polepole

Wenye ulemavu huupata ubaya wa ujumbe wa kupita kabla yetu. Kipofu hutumia programu inayosoma kioo kwa sauti. Katika Android programu hiyo huutamka ujumbe wa kupita unapotokeza, lakini mtu akigusa kitu kingine wakati huo sauti inaweza kukatizwa, naye hana pa kurudi ili ausikie tena. Mwenye uoni hafifu, ambaye hukuza sehemu moja ya kioo ili aione, anaweza kuwa anatazama juu wakati ujumbe unatokeza chini.

Jumuiya ya kimataifa iitwayo W3C, inayoweka kanuni za kurasa za intaneti, ililiona jambo hili mapema. Kanuni zake za mwaka 2008 zinataka kwamba pale ambapo mtumiaji amewekewa kikomo cha muda, aweze kukiondoa, au kukirefusha, au kukirekebisha hadi angalau mara 10 ya muda wa kawaida, isipokuwa kwa sababu maalumu. Toleo la mwaka 2018 likaongeza kwamba ujumbe wa kueleza hali ya kazi uandikwe kwa namna itakayoziwezesha programu za wasioona kuutambua bila kumtoa mtu mahali alipo. Katika Android 10, iliyotoka mwaka 2019, mtumiaji alipewa nafasi ya kuchagua katika mipangilio ya simu yake kwamba jumbe za muda zikae hadi dakika 2. Hizi ni hatua njema, lakini zinamtaka mgonjwa ajue jina la dawa kabla ya kupewa.

Hatari ya mlango wa nyuma

Ujumbe wa kupita umewahi pia kutumiwa kwa hila. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Palo Alto Networks walionyesha kwamba katika matoleo ya Android yaliyotangulia lile la 8.0, programu yenye nia mbaya iliweza kuutumia ujumbe huu kama pazia. Kwa kawaida programu inayotaka kufunika kioo chote huhitaji ruhusa ya mwenye simu. Ujumbe wa kupita haukuhitaji. Tumekwisha kuona kwamba ujumbe huo haupokei mguso wa kidole. Basi mtu alibonyeza alichokiona kwenye pazia, kumbe kidole kilikuwa kinapenya na kubonyeza kitufe kilichofichwa nyuma, cha kutoa mamlaka juu ya simu yake. Google ilitoa marekebisho mwezi wa Septemba 2017. Mwaka 2020, katika Android 11, programu isiyokuwa mbele ya macho ya mtumiaji ilikatazwa kutoa jumbe za kupita zenye umbo la kujitungia. Mwaka 2021, katika Android 12, ujumbe ulipunguzwa usizidi mistari miwili, na ukalazimishwa kuonyesha alama ya programu iliyoutoa.

Historia hii inatufundisha kwamba hata waliokitengeneza chombo wamekuwa wakikipunguzia uwezo mwaka hadi mwaka. Kwa programu iliyo wazi mbele ya mtumiaji, wao wenyewe hushauri kitumiwe chombo kingine, kiitwacho Snackbar, kilichotolewa mwaka 2015, ambacho kinaweza kubeba kitufe cha kutengua jambo lililofanyika. Mtu aliyefuta barua kwa bahati mbaya anapewa nafasi ya kuirudisha. Lakini nacho huweza kutoweka kabla hajakiona, kwa hiyo hakituondolei wajibu wa kufikiri.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni kwamba jumbe zinazosimama huudhi. Hoja hii ina ukweli. Kisanduku kinachoziba kioo na kudai kibonyezwe "Sawa" kwa kila jambo humzoeza mtu kubonyeza bila kusoma, na siku litakapokuja jambo zito atabonyeza vivyo hivyo. Lakini sisemi kila ujumbe usimamishe kazi. Kati ya kupita na kuziba ipo njia ya tatu, nayo ni kuiandika habari mahali pake na kuiacha hapo. Fomu ambayo haijatumwa ikae katika orodha, ikiwa na maneno "Bado haijatumwa" kando yake, mpaka itakapotumwa. Haimzuii mtu, na haimkimbii.

Hoja ya pili ni kwamba tatizo litakwisha tukirefusha muda kutoka sekunde 2 hadi 10. Hapana. Muda mrefu humsaidia aliyepo na asomaye polepole. Haumsaidii aliyeinua macho, aliyeitwa mlangoni, au aliyeweka simu mfukoni. Kwa mtu asiyekuwapo, sekunde 10 na sekunde 2 ni sawa. Kinachotakiwa kwake ni mahali pa kurudi.

Hoja ya tatu ni kwamba mtumiaji mwangalifu atahakikisha mwenyewe. Hii huihamisha kazi ya fundi na kuitwika kichwani kwa mteja. Seremala aliyetengeneza kiti chenye mguu mmoja mfupi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mkaaji mwangalifu hangeanguka.

Jaribio la darasani

Mwalimu hahitaji kompyuta ili wanafunzi wake wauone ukweli wa mambo haya. Anahitaji kadi, kalamu nene na saa ya kupimia sekunde. Kadi 12 ziandikwe jumbe: 4 za maneno mawili, 4 za maneno sita, na 4 za maneno kumi na mawili. Katika kila kundi, jumbe mbili ziwe za kufaulu na mbili za kushindwa. Wanafunzi wapewe kazi ya kunakili tarakimu kutoka ubaoni, ili macho yao yawe na shughuli kama yalivyo macho ya mtumia simu. Katikati ya kazi hiyo mwalimu ainue kadi moja kimya kimya kwa sekunde 2, kisha aishushe. Baada ya kila kadi wanafunzi waandike walichokisoma, na kama kilikuwa habari njema au mbaya.

Kundi la pili lifanyiwe vivyo hivyo kwa mpangilio tofauti wa kadi, ili matokeo yasitokane na kuzoea. Asilimia ya majibu sahihi ichorwe kwenye grafu dhidi ya idadi ya maneno. Kisha darasa lijiulize: Je, mstari unashuka sawasawa, au unaporomoka ghafla mahali fulani? Je, habari za kushindwa zilisomwa vibaya zaidi kuliko za kufaulu? Je, kadi zilizoanza kwa "Imeshindikana" zilitofautiana na zile zilizotegemea "hai-" na "hazi-" pekee? Maswali haya yana majibu yanayopimika, na darasa litakaloyapima litakuwa na matokeo yake lenyewe badala ya kutegemea takwimu za ng'ambo. Pendekezo langu kuhusu viambishi nimelitoa kwa kufikiri. Linastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Maswali matatu kwa mtunga programu

Nahitimisha kwa maswali matatu ambayo ningependa kila mwanafunzi ayaandike ndani ya daftari lake la kompyuta. La kwanza: mtu akiukosa ujumbe huu, atapungukiwa na nini? Kama jibu ni "hakuna", ujumbe wa kupita unafaa. Kama jibu linataja fedha, afya, mtihani au haki ya mtu, habari hiyo iandikwe mahali patakapodumu. La pili: mtu mwenye nusu ya kasi yangu ya kusoma, asiyeutarajia ujumbe, ataumaliza? La tatu: aliyeukosa atautafuta wapi? Kama hakuna mahali, programu haijakamilika, hata ikiwa inafanya kazi bila kusimama.

Walimu wa somo la kompyuta nao wana la kufanya katika kusahihisha. Mara nyingi tunatoa alama kwa programu iliyofanya kazi mbele yetu, sisi tukiwa tumekodoa macho kwenye kioo na tukijua fika ujumbe gani utatokeza na mahali gani. Hiyo ndiyo hali ambayo ujumbe wa kupita hauwezi kushindwa. Mwalimu na ajaribu kubonyeza kitufe, ageuze uso dirishani, ahesabu hadi tano, ndipo arudi kutazama. Kama kioo hakimwambii nini kimetokea, na apunguze alama, kisha aeleze sababu.